Sauti ya Pango

Mtaani walimwita Besi. Jina lenyewe hakulipenda, ila alikwisha kulizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana: hakisifii, lakini asubuhi anakivaa. Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yake, na humo mlikuwa na fremu za mbao zilizosimama uchi ukutani, marundo ya sponji, mabunda ya vitambaa, springi kwenye ndoo, na bunduki ya stepla ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ukimpelekea kochi lililobonyea hadi mgeni akikaa lazima avutwe mkono ndipo ainuke, Besi atalivua nguo, atakaza mikanda ya chini, atafunga springi upya, na siku ya kulichukua utaona aibu kulikalia. Kwenye kazi hakuwa na mpinzani. Ugomvi wake na walimwengu ulikuwa kwenye muziki.

Maana huyu dada alipenda roki. Tena si ile ya kurukaruka, ambayo angalau watoto wa jirani wangeichezea. Yeye alipenda ile nzito, ya polepole, wenyewe huiita dum metali, pamoja na ndugu yake stona roki, na binamu yao wa saikedelia ambaye akianza kupiga gitaa unaona kabisa kwamba njia ya kurudi nyumbani ameisahau na wala haitafuti. Wimbo mmoja unaweza kwenda mpaka chai ikapoa, ukainywa hivyohivyo, ukaosha kikombe, na mpiga ngoma bado anafikiria pigo la pili. Magitaa yanakwaruza na kunguruma, yamesukumwa hadi spika zinalia, na ile sauti ya chini inakuingia miguuni kabla haijafika masikioni. Watu wenye haraka zao huona ni kelele. Besi aliona ni muziki pekee duniani usiomharakisha mtu mwenye huzuni.

"Nani anahamisha kabati?" mama yake aliuliza kutoka jikoni, kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Ni muziki, mama."

"Basi waambie walishushe pole. Watajitegua viuno."

Futi aliingia kwenye maisha haya akiwa amebeba kiti. Alikuwa mpima ardhi, kijana mrefu mwembamba mwenye shingo ya kuchungulia ukuta, na wenzake kazini walimpachika jina la Futikamba. Besi ndiye aliyelikata likabaki Futi. Kiti cha ofisi kilikuwa kimepasuka mgongoni na sponji inachungulia. Alipofika mlangoni simu ya Besi ilikuwa juu ya rundo la sponji, inanguruma. Wateja wengine hapo huuliza kwa huruma, "Simu yako imeharibika nini?" Futi aliweka kiti chini, akasimama akasikiliza mpaka gitaa likageuka.

"Hapo," akasema. "Hapo anapochelewa kidogo makusudi. Umeona?"

Besi alikuwa amebana misumari midomoni. Akaitema yote kiganjani. Tangu azaliwe hakuwahi kuulizwa "umeona?" na mtu ambaye mwenyewe ameona.

Kiti kile kilikwisha siku hiyohiyo, lakini Futi aliendelea kuja kukiulizia wiki nzima. Baadaye akaacha kusingizia kiti. Akitoka kazini alipitia karakana, akaketi juu ya sponji na miguu yake mirefu imekunjwa kama ngazi ya kukunja, wakasikiliza nyimbo kwenye simu, wakabishana ni bendi gani inajua kunyamaza. Maana siri ya muziki huu, walikubaliana, iko kwenye kunyamaza: yule anayejua kuliacha gitaa life lenyewe hewani bila kulikatiza. Mama yake Besi alipita akawatazama, akarudi jikoni akawa anamwita Futi mkwe, kwa sauti ambayo yeye aliidhani ndogo.

Na jambo moja Besi alilitambua mapema, akaliweka moyoni: Futi hakumwita Besi hata siku moja. Alimwita Fundi.

Jina la Besi lilitoka shuleni. Alikuwa na sauti nene tangu utotoni, sauti iliyotokea kifuani kana kwamba ndani amekaa mtu mwingine mkubwa zaidi. Mwalimu wa kwaya alimtoa kwa wasichana akampeleka kwa wavulana, wavulana wakacheka, mwalimu akamwambia basi afungue mdomo tu asitoe sauti. Watoto walishindilia msumari kwa kumbatiza Besi, ile sauti ya chini kabisa ya wanaume kwenye kwaya. Tangu hapo hakuimba tena, hata akioga. Kwenye simu alisema machache, na bado wateja walimjibu, "Sawa kaka, nitalifuata kesho." Alikuwa akicheka pamoja nao. Ukimcheka mtu akacheka nawe usidhani haumii. Wengine hucheka ili yaishe haraka.

Kisha Futi akahamishwa kikazi. Mbali, safari ya kutwa na kucha. Waliagana mlangoni mwa karakana kama watu wanaoagana hadi kesho, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme kitu, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wapenzi wa kunyamaza, hakuna aliyesema.

Haikupita muda mrefu, ukaja mzigo mdogo kwa basi. Ndani mlikuwa na kaseti. Ndiyo, kaseti, katika zama hizi. Futi alikuwa ameikuta kwenye mtoto wa meza katika ofisi yake mpya, imeachwa na mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka. Juu yake kulikuwa na neno moja la kalamu: Pango. Hakuna jina la bendi wala picha, na lugha ya kuimbia ilikuwa lugha ambayo Futi hakuijua. Alitafuta mashine akatoa nakala, yake akabaki nayo, ya pili akaituma. Na ujumbe kwenye simu: "Fundi, usiicheze leo. Jumapili, saa tisa alasiri, tuanze pamoja. Usiseme huna redio ya kaseti. Nimeiona sebuleni kwenu."

Ilikuwepo kweli. Ilikuwa ya marehemu baba, nzito, ina mikono miwili ya bati, na tangu mzee azikwe haikuwahi kuwashwa. Mama aliitandikia kitambaa na kuweka maua ya plastiki juu yake. Jumapili hiyo Besi aliyahamisha maua.

Loo! Sijui niuelezeje wimbo ule kwa mtu ambaye hajapata kukaa sakafuni akiegemea kochi lisilo na kitambaa, madirisha yamefungwa, na joto la alasiri limesimama chumbani kama mdai. Ulichukua upande mzima wa kaseti. Ulianza na gitaa moja tu likiburuzwa, polepole mno, kama mtu anayevuta mnyororo kutoka kisimani na hajui mwisho wake kuna nini. Halafu ngoma. Halafu, Besi alipokwisha kukata tamaa ya kusikia binadamu yeyote, ikaingia sauti. Ilikuwa sauti ya mzee. Mzee wa siku nyingi, mnene, amekaa peke yake ndani ya shimo la mawe, anaongea na watu waliokwisha kuondoka. Maneno hakuyaelewa hata moja. Alilia.

Wimbo ulipokwisha alimpigia Futi.

"Mbona umechelewa?" Futi aliuliza. "Mimi nimekaa hapa naitazama simu."

"Nilikuwa namalizia."

"Kulia?"

"Nyamaza wewe."

Futi akacheka kicheko cha taratibu cha mtu aliyefurahi. Ndivyo ilivyoanza ada yao. Kila Jumapili, saa tisa, mmoja alituma neno "Anza", wakabonyeza, kila mmoja kwake, na hakuna kuwasiliana mpaka mwisho. Mwisho ukifika Besi alipiga. Siku zote Futi alikuwa amekwisha kumaliza anamngoja, na siku zote alidhani Fundi wake amekaa kimya kwanza akijifuta machozi. Kwake hilo lilikuwa jambo la heshima, kwa hiyo hakumharakisha. Halafu walizungumza mpaka sikio likapata moto. Walimwita mwimbaji Pango, kwa kuwa jina jingine hawakuwa nalo. Besi alijaribu kumsaka mtandaoni; akaletewa mapango ya popo, bei ya kiingilio na onyo la utelezi. "Pango leo alikuwa na uchungu," mmoja angesema. "Uchungu? Leo kasamehe," mwenzake angejibu. Wakati mwingine Besi alisema "mzee wetu Pango", na Futi alichukulia ni utani, maana watu hata mtoto wa darasa la kwanza humwita mzee akifanya la maana.

Sasa, mapenzi. Besi hakulitamka neno hilo, lakini tusidanganyane. Wiki nzima alipiga misumari akiingoja Jumapili. Alikataa kazi za siku hiyo hata za haraka. Alinunua kitambaa cha kijani kibichi kwa ajili ya kochi ambalo halikuwa la mteja yeyote, la watu wawili, mmoja wao akiwa na miguu mirefu, akalishona kidogo kidogo pembeni na mama alipouliza ni la nani alijibu, "La kuweka dirishani." Mama aliitikia, "Dirisha lina bahati."

Jumapili moja, baada ya wimbo, Futi alikuwa na sauti ya mtu aliyejipanga.

"Fundi, kuna jambo nimekaa nalo muda. Usinicheke."

"Sema."

"Ile sauti ya Pango. Mimi nikifumba macho, ni wewe. Ni sauti yako ileile. Kila akianza kuimba naona ni wewe umeingia chumbani, na ninataka..."

Hakufika mwisho. Besi alikuwa amesikia vya kutosha. Alimwona yule mzee, na koo lake lenye kokoto, na mgongo uliopinda, akasikia darasa zima likicheka. Watu wote wangeweza. Wateja, jirani, mwalimu. Lakini Futi!

"Hata wewe?" alisema, na sauti yake ilitoka nene kuliko siku zote, jambo lililomuumiza zaidi. Akakata simu.

Futi alipiga tena na tena. Alituma, "Nimekukosea nini?" Alituma, "Fundi, nieleze basi." Na huyu bibi mkubwa, badala ya kumwambia mwenzake kimemuuma nini, alivuna kiburi akakijaza ghalani. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kueleza nako kungemsaidia sana, na hakueleza. Alijiambia: mtu ambaye hajui alichokosea hastahili kuelezwa. Ni hoja nzuri ukiwa na hasira, haifai kitu ukiwa mpweke. Mwishowe ujumbe ulikoma. Kochi la kijani likauzwa kwa wanandoa wageni, na Besi akawapelekea hadi kwao, akawasaidia kulipitisha mlangoni.

Miaka ikaenda. Mama akaanza kutembea kwa kushika kuta. Besi alipata jina zuri mjini, akaajiri mshonaji, akanunua spika nzuri, akajua bendi nyingi za muziki huu, mpya na za kale, na wapenzi wenzake wa mbali aliandikiana nao juu ya aina za magitaa na za spika. Lakini Jumapili saa tisa aliyahamisha maua ya plastiki, akabonyeza ile kaseti. Alijiambia ni kwa sababu ya muziki tu. Uongo mtupu. Alikuwa akisema moyoni, "Labda naye saa hizi anasikiliza," na kwa muda wa upande ule mmoja hakuwa peke yake. Pango alikuwa amezidi kuzeeka, aliona. Kila mwaka alikuwa mzito zaidi, mchovu zaidi. Sawa, alifikiri. Hata mimi.

Hadi Jumapili moja redio ilitoa mlio kama paka aliyekanyagwa, ikasimama. Pango alikatika katikati ya neno.

Besi hakulala vizuri. Asubuhi aliifunga redio kwenye shuka, akaikumbatia njia nzima hadi kwa fundi redio, bwana mmoja mnene mwenye kibanda cha bati kilichojaa maiti za televisheni, aliyejiita Daktari na kuwaita wateja wake ndugu wa marehemu.

"Kaseti imo ndani," Besi alimwambia. "Ukiikata, mimi na wewe hatutaelewana."

"Dada, mimi nimefufua vitu vilivyokwisha kutangaziwa matanga. Njoo jioni."

Jioni alimkuta Daktari amekenua meno. "Mkanda tu wa mpira," alisema. "Ulikuwa umelegea kama lastiki ya suruali kuukuu. Nimeweka mpya. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza. Gitaa likaanza, na Besi alikunja uso papo hapo, maana lilikuwa jepesi. Bado zito, lakini linatembea, halijivuti. Ngoma ikaja mapema kuliko ilivyopaswa kuja. Halafu ikaingia sauti.

Ilikuwa ya mwanamke.

"Zima," Besi alisema. "Umefanya nini?"

"Nimetengeneza."

"Umenibadilishia mtu! Mle mlikuwa na mzee. Huyu nani?"

Daktari alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayehitaji kiti. "Dada, kaseti ndiyo ileile. Sijaitoa hata kuipangusa."

"Usinifanye mtoto. Mimi nina miaka na wimbo huu. Naujua kuliko wewe unavyoijua hiyo pasi yako ya kuchomelea. Rudisha mzee wangu!"

Watu wawili waliokuwa wanangoja simu zao walisogea wasikilize vizuri. Daktari, pamoja na maneno yake mengi, hakuwa mtu mbaya. Alichomoa kaseti ya Besi kwa adabu, akachukua nyingine kutoka mfukoni mwa koti, yenye sauti ya mtangazaji anayesoma habari za zamani, akaiweka. Mtangazaji akasoma kama binadamu. Kisha Daktari akafungua kifuniko cha nyuma, akautoa ule mkanda mpya, akaurudisha ule wa zamani uliolegea, akausaidia kwa kidole uzunguke. Mtangazaji akawa babu. Akaburuta kila neno, nene, kana kwamba habari zote ni za msiba.

"Unaona? Mkanda ukilegea, mashine inavuta polepole. Ikivuta polepole, sauti inazama. Mwanamke anakuwa mwanamume, mwanamume anakuwa jini. Imekuwa hivi tangu lini?"

Besi alitaka kusema tangu mwaka jana. "Tangu mwanzo," akasema.

Alilipa, akaikumbatia redio, akarudi. Njiani hakufikiri la maana. Alikuwa na hasira tu, na chini ya hasira palikuwa na kitu kama msiba: mzee wake amekufa, na tena hakuwahi kuishi. Yale machozi yote yalikuwa ya lastiki iliyolegea. Aliiweka redio mahali pake. Haikuwa Jumapili wala haikuwa saa tisa, lakini alibonyeza, akakaa sakafuni, amekunja mikono kifuani kama mkaguzi.

Mwanamke akaimba. Hakuwa mtoto wala mwenye sauti ya kubembeleza. Sauti ilikuwa nene, ya kifuani, imetua chini kabisa ambako wanawake wengine hawafiki, na hakuionea aibu hata kidogo. Aliiachia yote. Pale ambapo mzee wa Besi alikuwa akilalamika, huyu alikuwa akiita. Palikuwa na mtu mbali, naye anamwita, na ana uhakika atasikika. Besi alilegeza mikono bila kujua.

Jikoni sufuria ilitulia. Hatua za mama zikaja zikigusa ukuta, mlango ukafunguka kidogo.

"Unaimba?" mama aliuliza.

"Nani?"

"Si wewe?" Mama alitazama redio, akamtazama binti yake, macho yake yamejaa maji. "Nikadhani ni wewe. Nikasema leo Mungu kanikumbuka, mwanangu anaimba. Ni sauti yako kabisa, mama yangu. Yaani ni wewe."

Besi alibaki amekaa. Wimbo uliendelea, na ndani ya wimbo akasikia simu ya siku ile, neno kwa neno, na safari hii aliisikia kama ilivyosemwa. Nikifumba macho, ni wewe. Naona umeingia chumbani. Na ninataka... Mtu alikuwa amekaa katika chumba cha kupanga huko mbali, akisikiliza Jumapili hadi Jumapili mwanamke mwenye sauti nzuri kuliko zote alizopata kusikia, akakusanya moyo akamwambia rafiki yake: ni yako. Naye akamlipa kwa "Hata wewe?"

Akalia, kwa sauti, mikono imefunika uso. Mama alishuka sakafuni kwa shida, akakaa naye. Akaelezwa yote, redio, mkanda, mzee, Futi. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mpigie," alisema mwishowe.

"Mama, imepita miaka."

"Miaka haina kazi nyingine zaidi ya kupita. Mpigie ujue. Hata kama ni majuto, yajue ni ya ukubwa gani."

Namba alikuwa hajaifuta. Aliingia karakanani, akafunga mlango, akasimama kati ya fremu. Simu iliita. Iliita sana hata akaanza kushukuru kwamba haitapokewa.

"Haloo?"

"Mimi."

"Fundi," Futi akasema. Hakuuliza ni nani. "Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo. Bado anauliza nani anahamisha kabati."

Futi akacheka kicheko kilekile cha taratibu. Besi akakaa juu ya sponji.

"Futi, nikuulize kitu cha kipuuzi. Pango, yule mwimbaji. Ni mwanamume au mwanamke?"

"Swali gani hilo? Mwanamke. Wewe ulikuwa unasikia nini?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi kwa Daktari, akimtaja mtangazaji wa habari, lakini Futi alikuwa mtu wa vipimo na hakuhitaji kuchorewa.

"Ndiyo maana ulikuwa unachelewa," Futi alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani unalia."

"Nilikuwa nalia pia."

"Kwa hiyo siku ile, nilipokwambia..."

"Nilisikia unaniita babu mwenye kikohozi."

Futi alianza kucheka lakini kicheko hakikufika mwisho. "Nilituma ujumbe mwingi," akasema.

"Niliusoma wote."

"Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Huko kwenu. Nilishuka kwenye basi, nikafika hadi kona ya mtaa. Nikaona watu wanapakia kochi la kijani, na wewe unacheka na mwanamume mmoja, mmelishika huku na huku. Nikasema basi. Nikageuza."

Besi alifumba macho. Mteja. Alikuwa mteja, na mkewe alikuwa ndani ya gari. Alifungua mdomo amwambie, akaona haina haja, maana nyuma ya sauti ya Futi kulikuwa na nyumba: sahani zinapangwa, maji yanamwagwa, na sauti ya mtoto, "Baba, mama anasema chakula kinapoa!"

"Nakuja," Futi alimjibu mtoto, ameugeuza uso kutoka kwenye simu.

"Una watoto," Besi alisema.

"Wawili. Wa pili ndiyo kwanza anasimama."

"Hongera sana."

"Asante, Fundi."

Hapo ndipo mtu mwenye busara huaga. Besi hakupiga simu ili aivunje nyumba ya mtu, na wala hakuwa na la kudai. Lakini lipo neno ambalo likikaa sana bila kumfikia mwenyewe huoza, na yeye alikuwa amelikalia kuliko wateja wote walivyokalia makochi yake.

"Nilikupenda, Futi," alisema, kwa sauti yake yote, nene ilivyo, bila kuipunguza. "Sitaki kitu. Nimetaka tu ulijue."

Kelele za sahani zikafifia; Futi alikuwa amesogea pembeni.

"Mimi nilikwambia kwanza," Futi akasema.

Mtoto akaita tena. "Nakuja," alisema, na hakuwa akimwambia Besi.